Mulio wa ordinatere inapowaka: unatoka wapi, na namna ya kuunyamazisha

Ndani ya nyumba za mbao, zile ziko nyingi Goma na pembeni yake, ukuta hauzuii sauti. Mutu akiwasha ordinatere saa sita ya usiku, juu kuran ndiyo imerudi na kazi ya kesho haijaisha, mulio wa kuwaka unapita kati ya mbao. Unaamsha mutoto. Unaambia jirani, na mwenye anapita njiani vilevile, kama mule ndani kuna mashini. Ni sekunde chache tu, lakini kwa mwanafunzi mwenye analala na laptopu chini ya kitanda juu ya kuogopa wezi, sekunde zile ni nyingi.

Katika studio ya redio hasara ni ingine. Ordinatere ya kupiga muziki imeunganishwa na meza ya sauti. Kama imezimika katikati ya matangazo, na fundi anaiwasha tena bila kufunga njia yake kwenye meza, mulio ule unaenda moja kwa moja hewani, juu ya maneno ya mutangazaji. Makanisa yenye kutumia projekteri yanajua jambo hilo pia: mahubiri yanaendelea, mashini inawaka upya, na bafle kubwa zinapiga wimbo wa Microsoft.

Basi watu wanauliza namna ya kuzima mulio. Jibu ni fupi na liko hapa chini. Lakini wengi wanafuata maelezo, wanazima, na kesho yake mashini inalia tena. Sababu ni kama ordinatere haina mulio mumoja wa kuwaka. Iko nayo miwili, mara ingine mitatu, na kila mumoja unatoka mahali pake. Mwenye hajue ni nani analia hawezi kumunyamazisha.

Bip ya karti kubwa

Mara tu kitufe kinafinywa, mbele hata Windows haijaamka, kuna programu ndogo iliyoandikwa ndani ya karti kubwa, ile mafundi wanaita carte mère. Jina lake la zamani ni BIOS. Kwenye mashini za sasa ni UEFI, lakini mafundi wengi wangali wanasema BIOS tu. Kazi yake ya kwanza ni kupima: memwari iko? karti ya picha iko? klavie iko? Ikipata kasoro wakati ekrani haijawaka, haina mahali pa kuandika neno. Ndiyo maana inalia.

Desturi hiyo ilijulikana na IBM PC ya mwaka 1981. Bip moja fupi ilimaanisha kila kitu kiko sawa. Bip moja ndefu na mbili fupi, shida iko upande wa picha. Bip fupi zenye kurudia bila kusimama, mutu aangalie kisanduku cha umeme ao karti yenyewe. Kisha kampuni zenye kuandika BIOS, kama AMI, Award na Phoenix, kila moja ikajitungia hesabu yake. Kwa hiyo bip tatu za mashini hii si bip tatu za mashini ile. Fundi mwenye akili anahesabu, anaandika kwenye karatasi ngapi ndefu na ngapi fupi, kisha anatafuta maana katika kitabu cha marque hiyo. Mwenye anakisia anaweza kubadilisha kipande kizima na kuacha kibovu ndani.

Hapa ndipo mununuzi wa mashini ya okazio anaweza kuokoa dola zake. Muuzaji anapenda kuonyesha ordinatere yenye imekwisha kuwaka, ekrani inang'aa, picha nzuri nyuma. Mununuzi aombe izimwe kabisa, halafu iwashwe tena mbele ya macho yake, mahali penye kimya, mbali na grupu na muziki wa duka la jirani. Bip zenye kurudia mara nyingi zinatoka kwa barete ya ram yenye haikukaa vizuri ao yenye kuingiwa na vumbi. Ikitolewa, ikipanguswa na kurudishwa, mara mingi mambo inaisha. Lakini inaweza pia kuwa karti yenyewe inakufa, na kwa hiyo bei haiwezi kubakia ileile. Laptopu nyingi za sasa haziliye tena: zinawashawasha taa ndogo ya klavie ao ya batri, na hesabu ya taa inasomwa sawa vile ya bip. Na mashini nyingi za mezani zinauzwa bila kale kabafle kadogo ka ndani, basi kimya chake hakimaanishi kama kila kitu ni kizima.

Bip hii haisikii Windows. Kutoa alama katika parametre za Windows hakuigusi hata kidogo. Kama mutengenezaji ameruhusu kuizima, nafasi hiyo iko ndani ya BIOS: mashini inapoanza tu, mutu anafinya F2, F10, Delete ao Esc, kufuatana na marque (kwa ThinkPad nyingi ni F1), na anatafuta ukurasa wenye kutaja bip. Kuzima ile ya kuchomeka sharjeri ao ile ya batri kuisha, sawa, ni mapenzi ya mutu. Ile ya kutangaza ugonjwa, heri kuiacha. Inalia siku mashini iko mugonjwa tu, na siku hiyo hakuna njia ingine ya kusema.

Akordi ya Macintosh

Mashini za Apple zilichukua njia ingine. Kwao mulio wa kuwaka uko pia ndani ya karti, mbele ya sistemi, lakini badala ya bip waliweka muziki. Ule unaojulikana leo ulitungwa na Jim Reekes, mufanyakazi wa Apple, na ulisikika kwanza kwenye Quadra 700 ya mwaka 1991. Reekes alichukia mulio wa Mac za mbele yake, juu noti zake zilikuwa zinagombana. Siku zile Mac ilikuwa inakwama mara kwa mara, mutu anaiwasha upya, na kitu cha kwanza anasikia kisha kupoteza kazi yake ni sauti mbaya. Akatunga akordi pana ya do majeri, akairekodi nyumbani kwake na kinanda cha Korg Wavestation. Alitaka sauti ya kutuliza roho ya mutu aliyekasirika. Mwaka 2012 Apple iliandikisha mulio huo Marekani kama alama yake ya biashara, sawa na jina ao picha ya tufaa.

Maana yake kwa fundi haikubadilika: akordi ikisikika, vipimo vya kwanza vimepita. Ekrani ikibakia nyeusi kisha akordi, shida itafutwe mbele zaidi, kwa picha ao kwa diski.

Mwaka 2016 Apple ilitoa laptopu za MacBook Pro zisizolia tena zinapowaka. Watu wengi walilalamika. Miaka 4 baadaye, na sistemi ya Big Sur ya mwaka 2020, mulio ulirudi, na mara hii ukiwa na kisanduku chake cha kutia ao kutoa alama.

Windows, na ugomvi wa mwaka 2006

Wimbo wa Windows 95, ile sistemi iliyoingia sokoni tarehe 24 Agosti 1995, ulitungwa na Brian Eno, mupiga muziki Mwingereza. Aliombwa kitu cha sekunde 3 na robo, na alipewa orodha ndefu ya maneno ya sifa yenye wimbo ulipaswa kuwa nazo zote. Alitunga vipande 84. Eno mwenyewe alisema baadaye kama kazi hiyo aliifanya kwenye Macintosh. Mwaka 2025 Maktaba ya Congress ya Marekani iliingiza mulio huo katika orodha ya rekodi za taifa zenye kupaswa kuhifadhiwa.

Wakati huo mulio wa Windows ulikuwa faili tu, sawa faili zingine. Mwenye mashini aliweza kuubadilisha. Vijana wa sekreteria na wa siber, wakati wa Windows XP, walitia humo wimbo wa Rumba, sauti ya jogoo, ao jina lao wenyewe.

Kisha ikaja Vista. Microsoft ilitumia muda mwingi kutafuta mulio wa sekunde 4, na Robert Fripp, mupiga gita wa kundi King Crimson, alishiriki katika kurekodi. Mwaka 2006, mbele Vista haijauzwa, habari ikatoka kama mulio ule utakuwa mumoja kwa dunia nzima, na kama mwenye mashini hatakuwa na namna ya kuuzima. Hoja ya watengenezaji haikuwa ya bure kabisa. Walisema mulio ni ishara: mutu anawasha mashini, anaenda kufanya mambo ingine, na sauti inamwita wakati Windows iko tayari kupokea neno lake la siri. Walitaka pia kila mutu popote aitambue Windows kwa sikio.

Watu walikataa. Mumoja wa wenye walipiga kelele zaidi alikuwa Robert Scoble, mwandishi mwenye alikuwa ametoka kuacha kazi ndani ya Microsoft yenyewe mwaka uleule. Maneno yao yalikuwa mepesi: mashini imelipiwa, iko katika mukutano, katika maktaba, katika chumba chenye mutoto amelala; ni mwenyewe ndiye anajua kama pale ni mahali pa kulia. Vista ilipotoka kwa watu wote, tarehe 30 Januari 2007, kisanduku cha kuzima kilikuwamo. Ushindi ulikuwa nusu. Kuzima, ndiyo, kuweka wimbo mwingine, hapana, juu mulio ulikuwa umefungwa ndani ya faili ya sistemi inayoitwa imageres.dll. Kuna programu za intaneti zenye kufungua faili hiyo, na zingine zinaleta virusi. Kwa sekunde 4 za muziki, hatari hiyo haifai.

Mwaka 2012 Windows 8 ilikuja na kimya. Windows 10 pia. Laptopu na tablete zilikuwa zimeingia hadi kitandani, na mulio ulionekana kama usumbufu. Halafu Windows 11, ya Oktoba 2021, ikaurudisha, mufupi na mupole. Ndiyo maana mutu mwenye amebadilisha mashini yake ya zamani na ya Windows 11 anashangaa: «Hii mbona inalia?» Haiharibike. Imetoka hivyo.

Namna ya kuzima kwenye Windows

Njia hii inafanya kazi tangu Windows 7 hadi 11, katika luga yoyote ya mashini. Finya kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R. Kadirisha kadogo kanafunguka upande wa chini. Andika humo mmsys.cpl, kisha Enter. Dirisha la sauti linakuja. Kwenye mashini ya Kifaransa, chagua ukurasa «Sons». Chini ya orodha kuna kisanduku kimoja chenye kutaja mulio wa «démarrage». Toa alama, finya «OK», imeisha. Mwenye anataka mulio urudi, anatia alama.

Mwenye anapenda kupitia parametre, afungue «Paramètres», kisha «Personnalisation», kisha «Thèmes», kisha «Sons». Anafika palepale.

Kama kisanduku ni kijivu na hakikubali, mashini iko chini ya sheria iliyowekwa na mwenye kuisimamia: shule, biro, shirika. Hapo si kosa la mutumiaji, na dawa ni kumuuliza teknisie wa mahali. Kinyume chake, mwenye kusimamia ordinatere ishirini za darasa anaweza kutumia njia hiyohiyo, programu ya gpedit.msc kwenye Windows Pro, kuzima mulio kwa mara moja kwa wote wenye kutumia mashini. Windows Home haina programu hiyo.

Kuna wale wanaofinya tu kitufe cha kukata sauti mbele ya kuzima mashini. Mara nyingi inasaidia, juu Windows inakumbuka volime ya mwisho. Lakini kuran ikikatwa gafula kwenye ordinatere ya mezani isiyo na onduleri, hakuna aliyepata muda wa kukata sauti, na ikirudi mashini inalia kwa nguvu yote. Kisanduku ni cha hakika zaidi.

Kukatwa huko kwa kuran kunaeleza pia jambo lingine lenye linasumbua watu wa Windows 10: mashini imekaa mwezi muzima kimya, siku moja inalia. Tangu Windows 8 kuna kitu kinaitwa «démarrage rapide». Mutu akizima mashini kwa njia ya kawaida, haizimiki kabisa; inahifadhi sehemu ya kazi yake kwenye diski, na kesho inaamka kuliko kuanza. Ikikatwa kuran gafula, inalazimika kuanza upya kutoka sufuri, na mulio uliosahaulika unasikika. Alama kwenye kisanduku ilikuwapo siku zote.

Na kama, kisha yote hayo, kuna sauti ingine inatoka dakika moja baada ya ekrani kuwaka, si Windows. Ni programu iliyojiandikisha kuamka pamoja nayo: antivirusi, programu ya kupigiana simu, ao ile ya printeri. Finya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tafuta sehemu ya «Démarrage», na uondoe zenye hazina kazi. Mashini itapata mwendo pia.

Kwa Mac ya Big Sur na Monterey, fungua menyu ya tufaa, «Préférences Système», kisha «Son». Kwa sistemi za tangu 2022, «Réglages Système», kisha «Son». Kisanduku ni kimoja, nacho kinataja «démarrage». Mac za zamani zisizo nacho zinafuata volime ya mwisho: mutu anashusha sauti hadi chini mbele ya kuzima.

Wenye wanauhitaji

Kuna watu wenye hawapaswi kuuzima, ao wenye wanapaswa kuurudisha kama mashini ilikuja kimya. Kwa mutu asiyeona, ekrani ya Windows iko tayari ao haiko tayari, ni kitu kimoja: kimya. Mulio wa kuwaka unasikika wakati mashini inafika kwenye neno la siri, na unamwambia saa ya kuanza kuandika. Bila huo anabakia kukisia, na kwenye mashini nzito yenye diski ya zamani kukisia kunaweza kuchukua dakika tatu.

NVDA, programu ya bure ya kusoma ekrani kwa sauti iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na kijana asiyeona, Michael Curran, inasema Kifaransa pia na inatumika hata na mashini za zamani.  Katika parametre zake za jumla kuna nafasi ya kuiamuru isome tangu ukurasa wa neno la siri. Ikitiwa alama, mutu haitaji tena kungojea mulio wa Windows. Kwenye mashini ya mwingine, isiyo na NVDA, kuna «Narrateur» ya Windows yenyewe: finya kitufe cha Windows, Ctrl na Enter kwa pamoja, hata mbele ya neno la siri, nayo inaanza kusema.

Mashini inayotumiwa na watu wengi, sawa katika maktaba ya chuo ao sekreteria, inaweza kuwa na mutu mumoja asiyeona kati ya wenye kuitumia. Kisanduku kikiachwa na alama na ekuteri zikichomekwa mbele ya kufinya kitufe, mulio unaingia katika masikio yake peke yake. Ekuteri za waya ndizo zinafaa hapa. Zile za bluetooth mara nyingi zinaunganika kisha Windows kuamka kabisa, na mulio unakuwa umekwisha kupita kwenye bafle.